Utani wa Nassibu Ulipoingia Kwenye Seva

Shangazi Elieth mpendwa, shikamoo. Naomba msaada maana kichwa changu kimevurugika kabisa. Mimi napokea matangazo ya vifo kwenye redio moja ndogo hapa Igunga, nikishapokea nachapa, naweka kwenye folda ya seva ambayo kila mtu ofisini anaifungua, na Valentino mtangazaji anasoma hewani kama ilivyoandikwa, sasa amefariki Mzee Kashindye, Mnyamwezi, na fundi mitambo wetu Nassibu ni Mzaramo, yaani mtani wake, akafungua tangazo langu akaongeza, "Marehemu alikuwa mchoyo wa nyama, waombolezaji mje mmeshiba," akidhani nitaliona nicheke nifute, mimi sikuliona, Valentino akalisoma kwa sauti yake ile ya huzuni, wilaya nzima ikasikia.

Meneja amesema nichague programu nyingine ya kushirikiana mafaili, na tangazo likiharibika tena kazi sina. Masele wa kompyuta anataka Samba, mafaili yabaki kwenye seva yetu ila kila folda iwe na ruhusa zake, Valentino anataka Nextcloud kwa sababu inatunza matoleo ya zamani ya faili, Nassibu mwenyewe, bila hata aibu, anasema Syncthing ili kila kompyuta iwe na nakala yake, kila mmoja akieleza naona kweli, akitoka tu sikumbuki alisema nini. Na mjane wa marehemu amepiga simu akiuliza huyo mtani ni nani, nikaogopa nikakata. Nichague ipi, Shangazi?

Kabula, Igunga

Marahaba, Kabula. Pole mwanangu, ingawa umenichekesha mpaka chai imenimwagikia. Lakini tangazo la msiba unalipelekaje hewani bila kulisoma tena? Hapo hakuna programu ya kukutetea.

Ya Nassibu iache, ingesambaza utani wake kwenye kila kompyuta. Ya Valentino ni nzuri, ila inataka uangalizi zaidi, na ofisi yenu ni ndogo. Chukua Samba. Masele atenge folda mbili: moja ya kuandaa, ambayo wote mnaandika, na nyingine ya hewani, ambayo wewe peke yako unaweka kitu na Valentino anasoma tu. Kila mtu na neno lake la siri, na lako usimpe Nassibu hata akikuimbia. Nakala ziwekwe kila siku kwenye diski ya pembeni.

Sasa hiyo simu. Ulikata kwa nini? Mwenye hasira angemtafuta meneja wako. Yule mama amemuulizia mtani, na mimi nahisi hakuna mtani hata mmoja aliyefika pale, nawe unajua msiba usio na watani ulivyo mzito. Kama kweli amekasirika, ana haki, na bado ni lazima mwende.

Mchukue Nassibu leo, kabla matanga hayajaanuliwa. Yeye atajua la kusema, Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara. Wewe piga magoti useme, "Shikamoo mama, tangazo lile nililipeleka mimi." Habari za seva usizitaje. Nyamaza, umsikilize.