Kisu cha Harusi ya Chérie

Bwegera, 4 Juni 2024

Kwa mdogo wangu Basile,

Yambo sana. Huku tunapumua, ila mtandao umekufa, ndiyo maana nampa Junior wa pikipiki barua hii. Mgongo wako unaendeleaje? Mwajuma na watoto je?

Chérie wangu anaolewa tarehe 20 Julai. Wajomba wa bwana harusi ni Waislamu wa huko Uvira. Mzee aliyekuwa akituchinjia hapa amehamia Bujumbura baada ya kutupiwa mawe. Basi njoo weye uliyesilimu utuchinjie ng'ombe. Unajua desturi ya baba: mnyama wa sherehe yetu huchinjwa na Mwislamu, ili wageni wote wale sufuria moja.

Dada yako,
Sidonie

Uvira, 15 Juni 2024

Yaya Sidonie,

Pokea salamu za nyumba nzima, ingawa jina la Basile nililiacha niliposilimu. Mgongo umetulia. Chérie kuolewa, nimefurahi. Njia ndiyo inanisumbua.

Mwezi uliopita, kwenye barieri ya vijana wenye bunduki karibu na kwenu, mbele yangu alikuwepo Emery, katekista wenu, panga limefungwa kwenye baiskeli. Wakamwambia, "Pita katekista, utuombee." Mimi nilikuwa na kofia na mikate. Mikate waliimwaga chini. Mmoja akauliza, "Weye iko mu wale waasi wa kaskazini, wanaochinja watu mu makanisa?" Nikamjibu, "Minye nachinja mbuzi tu." Hakucheka mtu.

Hata hapa mjini, fundi Mprotestanti akiiba, mwizi ni yeye. Akiiba Mwislamu, mwizi ni msikiti.

Nitakuja. Lakini nivae shati na suruali, na kisu mtanipa huko.

Mdogo wako,
Sudi

Bwegera, 1 Julai 2024

Basile mdogo wangu,

Tuko wazima, asante Mungu. Mpunga tumeshavuna.

Nimesoma habari ya mikate. Siku ile walikuwa wamelewa. Mkubwa wao ni Lionel, mwana wa jirani. Si ulikuwa unambeba mgongoni? Usiogope watoto wetu.

Shati hapana. Wajomba hawakujui. Wakiona mtu wa suruali anayeitwa Basile ameshika kisu cha jikoni, watasema tumewadanganya, hawatagusa nyama, na Chérie ataanza ndoa na aibu. Vaa kanzu, uje na kisu chako mwenyewe. Atakayekuuliza, taja jina langu.

Dada yako,
Sidonie

Uvira, 17 Julai 2024

Yaya,

Wote wazima. Umeshinda, kama siku zote. Natoka Ijumaa baada ya swala, na Junior. Mwajuma amepiga pasi kanzu mpaka inataka kusimama peke yake. Kisu amekifunga ndani ya kitambaa.

Ng'ombe mpeni maji, mumfunge kivulini. Asikione kisu mapema.

Mdogo wako,
Sudi

Bwegera, 28 Julai 2024

Kwa mdogo wangu Sudi,

Salaam. Afya sijui niiulizeje.

Junior alifika peke yake. Anasema ulitaja jina langu, kama nilivyokuagiza. Ukawaambia, "Minye mutoto wa Bwegera." Wakajibu, "Bwegera haina Mwislamu." Wakakifungua kitambaa. Wakamwamuru Junior aondoke. Alipogeuka aliona wanakupeleka upande wa mto Ruzizi.

Lionel hakuwepo barieri saa ile. Nilimfuata kwake. Akasema, "Mama Chérie, angevaa shati angepita." Kanzu nilikuvalisha mimi.

Ng'ombe alichinjwa na Emery. Wajomba walikula maharagwe, wakaaga mapema. Mwajuma amenitumia mtu aniulize ulilala wapi.

Jana Lionel aliniletea kisu, kimefungwa tena kwenye kitambaa chake. Nilikichomoa, nikakigeuza pande zote. Kisafi, bila damu. Nikamwomba na kanzu, nimpelekee Mwajuma.

Alitazama chini, akasema, "Mama, kanzu usiiombe."

Yaya wako,
Sidonie