Chandarua cha Pono

Jumatatu, 3 Machi 2025
Uji tena. Binti yetu Sabina ameuleta, nimeunywa mimi. Mke wangu Anastazia hajafumbua macho tangu jana. Malaria imepanda kichwani. Daktari anasema tusubiri dawa. Hapa hospitali ya Kitete kila mtu anasubiri.

Nesi kasema, si kwa ubaya, kwamba mama amelala usingizi wa pono. Msemo huo nilijifunza Ulyankulu tulipofika kutoka Burundi, kwa majirani Wanyamwezi ambao nao hawakuwahi kumwona pono. Neno lilipanda huku na misafara. Samaki akabaki baharini.

Naogopa.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Padri amepita wodini, akampaka usingizini. Sikupenda.

Nimepata kitabu chakavu cha samaki wa pwani karibu na soko. Namsomea. Meno ya pono yameungana kama mdomo wa kasuku. Huguguna matumbawe apate mwani, hulisaga jiwe, hulitoa likiwa mchanga. Mchanga mweupe wa ufukweni, mwingi umepita tumboni mwake! Ukurasa huo nimeurudia.

Mama anayemuuguza dada yake kitanda cha pili kaniuliza: "Mzee, unamsomea mgonjwa mboga?"

Wodi ikacheka. Nami nikacheka, kisha nikaona aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Homa imeshuka. Macho bado. Daktari kamwita Sabina nje. Nimeyaona mabega yake yameshuka aliporudi. Sikuuliza. Nimesoma.

Jua likizama, baadhi ya pono hujibana kwenye tundu la mwamba, hutoa ute mdomoni na kujifunika mwili mzima. Ute mwepesi, unapitisha mwanga. Wadudu wanyonya damu hawaupenyi. Kila usiku, chandarua kipya, kwa mate yake mwenyewe. Nani alimfundisha?

Chetu kiko Ulyankulu, kimefunika miche ya nyanya. Mke wangu alikitandaza, mimi nikapigilia vigingi.

Maisha yangu yote hapa nimewaita wavivu pono. Kumbe samaki huyu halali kabla hajamaliza kazi.

Jumapili, 9 Machi
Mvua imekatika. Wodi kimya, wauguzaji wengi wamekwenda misani. Nilikuwa nakunja khanga ya Anastazia.

"Baba Sabina." Sauti kavu, ndogo. "Asubuhi, hicho chandarua anakipeleka wapi?"

Nikaiweka khanga chini. Kisha nikamwambia: anakitoboa, anatoka, anakiacha maji yakichukue.

Akafikiri. Akaomba maji. Nimempa kijiko kwa kijiko.

Halafu nikakusanya chandarua cha kitanda chake, nikakifunga fundo juu.