Miaka Sita Uliyonipunguzia

Buffalo, Novemba 2015

Kwako yaya Floribert, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako Deo. Mgongo wako unaendeleaje? Na mama, bado anabishana na daktari kuhusu chumvi? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia, na hilo goti ndilo limenifanya nikae chini niandike.

Utaona nimeandika Buffalo, si Louisville. Nsimire wangu na watoto wamebaki kule, mtaa wa Iroquois, nyumba ileile. Mimi niko huku wiki ya tatu sasa, nalala chumba kimoja na Warundi wawili wapole sana. Nitakueleza ilivyokuwa, ila usimsomee mama kabla hujamaliza mwenyewe.

Ghala nililofanyia kazi Louisville lilitupunguza mwezi wa nane. Sikushtuka sana, kwa sababu nilikuwa na basket, mpira wetu wa kikapu. Wakongo wa huku wana timu katika kila mji, na desturi yao ni kwamba anayekuchukua umchezee ndiye anayekutafutia kazi na nyumba kwa watu wa kanisa lake. Miaka mitatu iliyopita Columbus walinitumia shemasi mzima na gari, aje anibembeleze. Wa Louisville wakakasirika, wakanitafutia hiyo kazi ya ghala ili nisiondoke. Nilijiona mtu. Safari hii wa Louisville wakasema wana vijana, na wa Columbus hawakupokea simu. Nilipiga mara nne, yaya, na unajua mimi si mtu wa kupiga mara nne.

Waliobaki ni Buffalo. Mkubwa wa timu yao, Papa Safari, alikuwa na kazi moja nzuri kiwandani: kukaa kwenye kiti na kuangalia mashine zinavyofunga makopo, bila kubeba kitu. Akasema ni ya pivot wake mpya, yule mrefu wa kusimama chini ya kikapu, na juu yake nyumba ya vyumba vitatu. Aliuliza umri wangu, nikamtumia picha ya kitambulisho. Kitambulisho kinasema thelathini na nne.

Unajua kwa nini kinasema hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili ulipoandika kumi na sita kwenye kadi yangu ya mchezaji, ili nicheze na vijana dhidi ya Goma. Ulininyoa ndevu kwa mkono wako asubuhi ile, tukacheka mpaka wembe ukanikata. Tulipokimbia vita, kadi ile ndiyo karatasi pekee iliyokuwa mfukoni mwangu, na kambini wakaandika walichokiona.

Papa Safari alitaka kuniona kwanza Columbus, ambako timu yake ilikuwa na mechi kwenye uwanja ulio karibu na chuo kikuu. Kipindi cha kwanza nilicheza vizuri, sikudanganyi. Chini ya kikapu hakuna aliyenisogeza. Wakati wa mapumziko akatokea Mushagalusa, yule niliyekaa naye dawati moja sekondari. Siku hizi anaishi na binti yake anayesoma pale. Akanikumbatia huku machozi yanamtoka kwa furaha, akawatangazia wote kwamba tulimaliza shule mwaka mmoja na kwamba yeye sasa ni babu. Hakujua anachonifanyia. Kipindi cha pili goti likakwama, nikatolewa nimeshikiliwa na watu wawili.

Papa Safari alikuja kukaa nami kwenye benchi.

"Bon, Deo, unipe miaka ya kweli. Hapa hakuna serikali."

"Makumi ine," nikamwambia, arobaini kamili.

"Ile kazi ya kukaa iko ya mchezaji. Donc nitaipa mwingine. Kama unataka ya kubeba makarton, iko. Unaweza kuja."

Hakusema kwa ubaya, hata alinishikia begi mpaka kwenye gari. Nikaja. Nabeba maboksi kuanzia asubuhi hadi jioni, na nikishuka ngazi nashuka kinyumenyume ili goti lisilie.

Nsimire alinisihi nikarekebishe umri wangu. Nilimuuliza mama mmoja anayetusaidia makaratasi, akasema nisithubutu: uraia wetu bado haujatoka, aliyeidanganya serikali hapewi, na yeye Nsimire na watoto wako faili moja nami. Daktari naye aliangalia picha ya goti, akaangalia kitambulisho, akaniuliza nilibebeshwa nini utotoni.

Yaya, mara mbili nimeandika kwamba sina hasira nawe, na mara mbili nimefuta. Ninayo. Najua ulinipenda, ulitaka watu wanione, na kweli waliniona. Lakini huku mtu hupumzika kwa umri wa karatasi, akifika sitini na saba. Karatasi yangu ikifika huko, mimi nitakuwa na sabini na mitatu. Baba hakufika sitini.

Nisalimie mama, na shangazi muuza samaki wadogo, sambaza, na mjomba fundi saa, na mke wako aliyekuwa akinipikia kabla ya mechi. Nsimire anawasalimu wote, ingawa wewe alitaka nikuruke.

Na jioni mkisali pamoja, mkifika kwenye jina langu, mwambieni Mungu ni Deo wa miaka arobaini. Yeye angalau asinipangie mambo kwa kadi ile.

Mimi mdogo wako,
Deo