Ndege iliyozunguka

Alunguli, siku ya posho, njo Jumamosi, jioni

Nimemugombeza Salima bure. Mutoto wangu anasoma fizike. Alinielezea tu kwamba chombo kinachorudi kutoka juu ya anga kinashuka bila moteri, kikikosa uwanja hakiwezi kuzunguka.

"Mama, wangekifunga moteri za jeti, kingejaribu tena. Hiyo njo vizuri zaidi."

"Wacha hayo!"

Sijawahi kumwambia namna baba yake alivyokaribia kufika, wakati wa vita. Ndege iliyomuleta ilikuwa imeshuka chini kabisa. Sisi, kwa furaha, tukajaa uwanjani tukipunga matawi na vitenge. Rubani akafikiri ni waasi. Akatia moteri nguvu, akapanda, akaenda.

Mpaka leo hatujamuona.

Ingekuwa bila moteri, ingeshuka tu. Sisi tungekimbia pembeni.