Kimondo na Jabali

Jumatatu, 3 Mei 1976
Nimefagia ofisi ya walimu. Nimechota maji ndoo mbili. Kisha shamba la shule, palizi ya mihogo, kama kila Jumatatu. Hatukupalilia. Tulibishana: Kimondo na Jabali wakipigana, nani atashinda?

Wote wawili wako kwenye gazeti la michoro analonitumia baba mdogo, yule wa reli Mpanda. Kimondo anaruka angani na macho yake yanatoa moto. Jabali haruki, ila risasi haiingii mwilini mwake, wala mkuki. Toleo la mwisho linaishia wanatazamana. Linalofuata halijafika huku kwetu Sitalike. Mimi ni wa Kimondo. Wa Jabali hawana akili.

Mwalimu Kasiani alikuta majembe yamelala. Nikangoja fimbo. Hakuchapa. Alisema kwa kuwa midomo ndiyo inayofanya kazi, Ijumaa ya wiki ijayo tutafanya mdahalo juu ya hilo hilo, darasa la sita na la saba. Msemaji mkuu wa upande utakaoshinda ataiwakilisha shule kwenye mdahalo wa wilaya, Mpanda.

Jumanne, 4 Mei
Mpanda! Sijawahi kufika. Sijawahi kuona treni. Kila mwaka baba anasema mwakani. Mwakani nitakuwa nimemaliza shule, nitakuwa na jembe tu. Lazima nishinde.

Jumatano, 5 Mei
Msemaji mkuu wa Kimondo ni mimi, Dominiki msaidizi wangu. Upande wa Jabali hakuna aliyetaka kusimama mbele yangu. Mwalimu akamchagua Anjelina.

Anjelina! Anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Walikuja kutoka Burundi mwaka juzi, yeye na mama yake na mjomba. Kiswahili chake cha kuokoteza. Ukimuuliza kitu anaitikia kwa kichwa. Gazeti lenyewe hajawahi hata kulishika. Nilimwonea huruma. Nilifurahi pia, kwa wakati mmoja.

Ijumaa, 7 Mei
Anjelina amekuja nyumbani kuazima magazeti. Ameomba kwa mikono miwili, macho chini. Mama akasema mpe mwenzio. Nimempa yote isipokuwa moja, lile ambalo Jabali anazuia mto kwa kifua chake mpaka watu wavuke. Ndilo zuri kuliko yote. Nimelificha chini ya godoro. Ni roho mbaya, najua. Nimelificha hivyo hivyo.

Jumanne, 11 Mei
Nina hoja saba. Dominiki anazo tatu, mbili ni zangu.

Jioni nimemkuta Anjelina mtoni. Ndoo imejaa zamani, inamwagika, yeye hana habari. Midomo inakwenda mbio, mguu unapiga mchanga. Hakuniona. Nikageuka bila kuteka maji. Sijui kwa nini niliogopa.

Ijumaa, 14 Mei
Lazima niandike leo leo.

Nilianza mimi. "Ndugu mwenyekiti." Hoja zote saba, bila karatasi. Asiyeruka hawezi kumpiga anayeruka. Jiwe likichomwa moto sana hupasuka, hata mafiga yanajua. Walipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye madawati. Mwalimu alicheka. Nikajiona niko kwenye lori la Mpanda tayari.

Akasimama Anjelina. Hakusema ndugu mwenyekiti. Alichukua fimbo ya ubaoni, akaiweka begani kama mchungaji. Wakacheka. Akavuta pumzi.

"Mimi ni Jabali, mwana wa Asiyehama. Mvua ilinipiga ikachoka, ikaenda kunyesha kwingine. Waliokuja na mapanga wamerudi na mipini. Mimi ni Mlango wa wasio na mlango. Moto uliniuliza jina, nikautajia, ukazimika..."

Iliendelea. Haraka, bila kituo, bila kumeza mate, majina juu ya majina. Sikuyashika yote. Mengine yalikuwa Kirundi, na hayo ndiyo yaliyonisisimua zaidi. Sauti haikuwa yake. Alikuwa mrefu. Naandika nilichokiona: alikuwa mrefu. Hakuna aliyecheka tena. Darasa la tano waliacha kuimba huko kwao. Nilipotazama mikono yangu, vinyweleo vimesimama.

Alipomaliza aliirudisha fimbo mahali pake, akaketi. Akawa Anjelina tena.

Mwalimu akasimama mbele. Akasema zile hazikuwa hoja, lakini kwenye mdahalo anayeamua ni nyumba, yaani wote waliomo darasani. Kwetu nyumba nzima hupiga kura, hata wasemaji. Kimondo, mikono ishirini. Jabali, mikono ishirini. Akatuhesabu. Tulikuwa arobaini na mmoja.

"Yustina," alisema, "mkono wako uko wapi?"

Ulikuwa mapajani. Sikuunyoosha mara zote mbili, wala sikujua. Wakacheka, walidhani nimejisahau kwa furaha. Dominiki akanikanyaga mguu. Ningesema Kimondo, mambo yangekwisha.

Nimesema Jabali.

Jumamosi, 15 Mei
Dominiki hasemi nami. Baba amesikia, ameniita mjinga. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi. Nimejuta, sikujuta, nimejuta tena.

Mchana nimelitoa lile gazeti nikampelekea Anjelina. Nikamwambia nililificha. Alitazama jinsi Jabali anavyozuia mto, ukurasa mmoja kwa muda mrefu sana. Hakukasirika. Nikamuuliza yale maneno aliyasoma wapi.

"Hayasomwi. Babu yangu anasifu hivi ng'ombe wake. Ukivuta pumzi katikati, ng'ombe anakudharau."

Nikauliza babu yuko wapi. Alisema alibaki.

Jumamosi, 22 Mei
Lori limepita asubuhi. Anjelina amekaa mbele na Mwalimu, amevaa viatu vya mama yake. Mama yake alisimama barabarani mpaka vumbi likatulia, na mimi nilisimama naye.

Nimeshinda shambani kuwinga ndege kwenye mpunga, peke yangu. Ndege wachache leo. Adhuhuri nikaweka fimbo begani, nikatazama pande zote kwanza. Mimi ni Yustina, nikasema, mwana wa Anayeamka Kwanza. Nikatafuta jina la pili, nikalipata. La tatu pia. Kisha pumzi ikakata. Nikakaa kwenye tuta kidogo, nikanywa maji, nikasimama nikaanza upya.