Usukani Ulivutwa Upande Gani

Mwanza, Ijumaa

Kaka yangu Hassani, mjomba wa wanangu,

Asalamu aleikum. Barua hii ikukute umekaa vizuri wewe na wifi na wote walio hapo Nambambo. Mgongo unaendeleaje? Wifi ameacha kukohoa? Ufuta mmeshaukata au bado? Na Salumu wangu anakula? Mguu unamuuma asubuhi kukiwa na baridi? Niambie kweli kaka, maana yeye nikimpigia husema "nipo mama", basi, simu inakatika. Mimi huku sijambo. Mjukuu wetu ananenepa, Rehema amesharudi kazini kwake. Samaki tunakula mpaka nimekinai, natamani ming'oko yetu ya kuchimba porini, hata miwili.

Ningepiga simu, lakini wewe ukiongea hapo uani unaiweka sauti mtaa mzima usikie, na nyumba ya pili ni ya Bakari. Maneno haya sitaki ayasikie kabla ya siku yake. Soma peke yako. Mwandiko unisamehe, darasa la nne halikunipa zaidi.

Kaka, mimi nimeendesha gari. Usicheke. Rehema anafanya kazi kwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta, na juzi nilimpelekea mtoto anyonye. Pale kuna kiti cha gari kabisa, kimefungiwa chuma, kina usukani na pedeli tatu chini, na mbele televisheni tatu zimezunguka kama kioo cha lori. Vijana wanashindana humo kukimbiza magari. Nikasema mchezo wa watoto huu. Rehema akasema, "Mama kaa uone, mashine hii haidanganyi, gari lenyewe linavyokwenda barabarani ndivyo linavyokwenda hapa." Akanichagulia njia ya vumbi.

Nikavua kandambili, nikapiga bismillahi, nikakanyaga. Loo! Kiti kinatetemeka, mawe unayasikia yanagonga chini, tawi likija unainamisha kichwa. Na ule usukani, kaka, una nguvu zake. Ukiingia kwenye mchanga unakuvuta kama mbuzi anayekataa kamba. Nilidhani dereva anazungusha tu anavyopenda, kumbe anashindana nao njia nzima. Kona ya kwanza nikatumbukia. Rehema anacheka hana mbavu, "Mama umeua abiria wote!" Na mimi nikacheka.

Halafu kicheko kikaniisha. Nikamkumbuka Salumu.

Wewe unajua Bakari alivyosema lile lori aliloendesha lilipoanguka kwenye ule mteremko ukitoka Chunyu. Alisema, "Utingo wangu, mtoto huyu Salumu, ameogopa kona akaurukia usukani akauvuta." Salumu akasema, "Hapana, mzee alisinzia, mimi nilimpigia kelele tu." Mimi mama yake nikafanya nini? Nikampiga kofi mbele za watu, mguu wake bado umefungwa mbao. Nikamwambia mtu mzima hasingiziwi. Kisha wewe na mimi tukambeba na unga wa muhogo na yule jogoo mwekundu, tukampigisha magoti barazani kwa Bakari aombe radhi. Goti la mguu uliovunjika, kaka. Bakari akapokea jogoo akasema, "Nimesamehe, ila mtoto huyu asishike tena kamba ya gari la mtu." Tangu siku hiyo wenzake wanamwita Vuta Usukani, na hakuna lori linalompakia.

Basi nikamwambia Rehema, chukua stuli ukae kushoto kwangu, pale alipokaa kaka yako. Mimi nikienda kasi, urukie usukani uvute. Akasema, "Mama, utaharibu mashine ya watu." Nikasema vuta! Akavuta. Gari likaenda kushoto. Tukarudia, kushoto. Mara saba, mara zote kushoto, maana mtu huvuta kitu kije kwake. Nikasema labda Salumu alishika usukani kwa chini, ambako ukivuta gari hugeukia upande wa pili. Jaribu chini. Mkono wake ukaishia kwenye mapaja yangu, na mimi ni mwembamba. Sasa kitambi cha Bakari kile, mkono wa mtoto ungepita wapi?

Na lori lilianguka upande gani, kaka? Wewe mwenyewe uliteremka korongoni kuzoa ufuta uliomwagika. Uliteremka kulia. Sote tuliteremka kulia, tukarudi na ndoo vichwani, hakuna hata mmoja aliyejiuliza.

Nikajaribu na lingine. Nikaegemea kulia, kwenye mlango wa dereva, kama mtu anayesinzia, mkono nikauacha unaning'inia kwenye usukani. Likaenda kulia lenyewe, taratibu, kama linajua njia. Rehema hakucheka tena. Alisema, "Mama, kaka alisema kweli." Nikalia kwenye kiti kile mpaka mwenye zamu yake akaja kuuliza kama bibi anaumwa.

Sasa nimemaliza kulia. Nisikilize. Polisi sitaki, na shamba lake silitaki. Nataka magoti yake.

Siku ya mnada wa ufuta, watu wamejaa pale ghalani, yeye ataleta lori kama kawaida. Usimtukane. Mchekee, muulize hali ya watoto. Kisha mwambie kwa sauti, "Mzee Bakari, vijana hawa wanataka kuwa matingo, hebu waonyeshe Salumu alivyofanya, wasije wakarudia." Anapenda kusifiwa, atakubali. Mpandishe kiti cha kushoto, dereva mwingine akae kwake, injini iwake, avute. Wewe usimtazame mdomo, waambie watu wote watazame matairi. Matairi yakishageuka, uliza swali moja tu: korongo lilikuwa upande gani? Halafu nyamaza. Mwache ajibu mbele ya watu waliozoa ufuta.

Najua utaniambia, dada, yamepita, Bakari ni mtu wa makamo, tulishasameheana. Hatukusameheana sisi. Tuliomba radhi kwa kosa lisilo letu, na yeye akaipokea akijua, na jogoo akamla. Wewe ndiye mjomba, kwa mila yetu neno la mtoto huyu linasimama mdomoni kwako. Ukilinyamazia safari hii, usinitumie salamu.

Aje kwa miguu, kwa njia ileile tuliyopita sisi, na unga na jogoo mwekundu, si mweupe. Apige magoti mkekani mbele ya Salumu. Kisha mkeka msiukunje, kaka, uacheni hapohapo. Na mimi ninakuja na basi mwezi ukiandama, zamu yangu ya kupiga magoti inafuata, kwa lile kofi.

Nisalimie wifi na watoto wake. Msalimie bibi yetu Namtumbo, aache kubeba kuni. Mama jirani aliyenipa kinu mwambie kipo salama chini ya kitanda. Salumu usimwambie kitu bado, mpe tu chakula, na umwambie mama amesema ale.

Ni mimi dada yako,
Somoe, mama Salumu

Yule jogoo atakayemleta Bakari msimchinje. Mfungeni mguu, nakuja kumla mwenyewe.