Shavu Nililomficha Mama Mkwe

Aisha mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka Utange, kwenye joto kali na aibu niliyojitia mwenyewe ukweni. Lile kovu la mafuta ya mahamri shavuni mwangu unalijua. Jana nilitaka lififie kabla jamaa za mume wangu hawajaja kunitazama. Nilikuwa nimesikia kitunguu saumu kikisifiwa kwa makovu, basi nikakitwanga, nikakibandika, nikajilaza. Usingizi ukanichukua. Nilipoamka shavu lilikuwa likiwaka moto, limetoka malengelenge.

Mama mkwe alinikuta nalia mbele ya kioo. Aliniosha kwa maji baridi, akaenda uani kukata jani la mshubiri, akanipaka ute wake polepole.

"Ulikuwa wataka kutibu nini, mwanangu?"

"Kovu, mama."

"Kovu lipi? Mimi sijaliona. Kila nikisema nawe wanigeuzia uso. Nilidhani hunipendi."

Wallahi, Aisha, nilisahau maumivu yote. Tangu nifike nakaa naye upandeupande ili asilione, na yeye muda wote alikuwa akiumia moyoni kimyakimya. Nilimwomba radhi.

Wageni walipofika alinikalisha karibu naye. Uso umevimba, unang'aa ute, na haya zimenijaa, lakini kila aliponisemesha nilimgeukia mzimamzima.

Mama yetu mbusu mikono kwa niaba yangu. Na wewe Mungu akutunze, uso wako na moyo wako.

Dadako akupendaye,
Rehema